Zamu ya Kumi

Siku niliyoikimbia Mtoni naikumbuka kama ya juzi, mwanangu. Ilikuwa Ijumaa, na niliichagua Ijumaa makusudi, kwa sababu Jumamosi ndiyo siku ya kutoa upatu. Nikapakia kitanda, masufuria, mama yangu mzazi na redio mpya kwenye gari la kukodi, huyoo, Kinondoni. Ungeniona! Nimekaa mbele na dereva, redio mapajani, nacheka peke yangu. Nilijiona mjanja kuliko wote, na hata aibu sikuwa nayo.

Usigune. Nakueleza haya kwa sababu jana umekuja hapa umenuna, eti benki wamekunyima mkopo wa nyumba, na kisa ni vile vijimkopo vya kwenye simu ulivyovikopa ukaacha kuvilipa. "Bibi, ni vihela vidogo tu, wananionea." Hawakuonei. Wamefungua kumbukumbu zako wakakuona ulivyo. Sie zamani hatukuwa na hizo kompyuta, lakini usidhani tulikuwa hatuonekani. Mtoni nzima ilikuwa na kompyuta moja, ikiitwa Bi Mwanahawa, na ilikuwa haisahau kitu.

Bi Mwanahawa ndiye alikuwa kijumbe wetu. Tulikuwa wanawake kumi. Kila Jumamosi kila mmoja anapeleka kwake kiasi kile kile, na mmoja wetu anapewa zote. Wiki inayofuata anapokea mwingine, mpaka zamu kumi zinakwisha. Hapakuwa na karatasi wala sahihi, palikuwa na neno lako na kijumbe wa kulishika. Mmoja akikosekana, kijumbe anajaza pengo kwa mfuko wake mwenyewe, ndiyo sheria, maana mwenye zamu hawezi kuambiwa zimepungua.

Sasa mie Somoe, msichana wa kiwanda cha nguo, mshahara mdogo na tamaa kubwa, nikaenda kumlilia. Nikamwambia mama anaumwa, nipe zamu ya kwanza. Mama mwenyewe saa ile yuko uani anatwanga kisamvu kwa nguvu zake zote! Bi Mwanahawa akanipa bila kuuliza mara mbili. Nikapokea, nikaenda moja kwa moja dukani, nikanunua redio. Ilikuwa miaka ile ya Azimio la Arusha, kila mtu anataka kusikia Mwalimu kasema nini, na mie nilitaka majirani wayasikilize hayo chumbani kwangu, waniambie asante Somoe. Wakaja kweli, wakajaza mkeka. Nikatoa wiki ya pili, ya tatu, ya nne. Ya tano nikaona uzito, kitu nimeshakipata halafu bado nakitolea hela. Ndipo nikahama.

Miaka ikapita, nikasahau. Kinondoni tulipanga chumba kwa Mzee Nandonde, mtu wa Newala, mpole, sauti yake ukitaka kuisikia lazima usogee. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na bati, vyumba sita, uani mpapai mmoja na nafasi ya kuanikia nguo. Asubuhi moja akatuita wapangaji wote uani.

"Jamani, nimeletewa habari," akasema. "Kijiji chetu kinapangwa upya kuwa cha ujamaa. Siku ya kugawa mashamba asiyekuwepo hana lake. Mie narudi kwetu kabla ya mvua. Nyumba nauza."

Nikamtazama mama. Tulikuwa tumeshahama vyumba, wee, hata idadi yake sijui, kila mara mama ndiye wa kubeba kinu chake kichwani na kukitafutia kona mpya. Safari hii akaweka mikono kiunoni.

"Mie sihami tena," akaniambia. "Nunua."

Kama vile ananituma chumvi! Lakini mwanangu, neno lile lilinipiga moyoni. Nunua! Kwa nini nisinunue? Usiku wala mchana sikutulia, nikitembea nahesabu vidole. Kiwandani kwetu kulikuwa na chama cha kuweka na kukopa, na akiba nilikuwa nayo. Nikamfuata Mzee Nandonde, tukakubaliana: nitatoa kianzio, chama kitanikopesha sehemu, na kitakachobaki nitamtumia kwa posta kila mwezi mpaka kiishe.

"Mie sina neno," akasema mzee. "Ila nikishafika Newala sitaweza kupanda basi kuja kukudai. Lazima nimwamini mtu. Na atakayetangulia na kianzio ndiye mwenye nyumba."

Nilikwenda kazini narukaruka. Katibu wa chama akaisoma fomu yangu, akaipenda. "Safi, ndugu Somoe. Lete wadhamini wawili, wanachama wenzako, watie sahihi kwamba usipolipa watalipa wao."

Wawili tu! Na kiwanda kizima wanacheka na mie, wananipenda, tunakula pamoja! Wa kwanza akasema mume wake hapendi mambo ya sahihi. Wa pili akasema ngoja niende chooni, hakurudi. Wa tatu alikuwa Tausi, mwanamke wa Mtoni, mmoja wa wale kumi wa zamani, aliyeajiriwa pale kiwandani mwaka ule. Huyo hakunizungusha.

"Siwezi, Redio," akasema.

"Redio nani?"

"Wewe. Kwetu Mtoni hakuna anayekuita Somoe. Unaitwa Redio." Akazima mashine yake ili nimsikie vizuri. "Unajua wiki zako sita alizijaza nani? Bi Mwanahawa. Unajua alizijaza na nini? Aliuza cherehani. Mtu anashonea watu nguo ndiyo ale, kauza cherehani, wewe uko Kinondoni unasikiliza taarifa ya habari. Halafu mie nikuwekee sahihi?"

Mwanangu, nilikaa juu ya robota la pamba nikalia pale pale, mbele ya watu. Sikulia kwa kunyimwa sahihi. Nililia kwa lile cherehani, kwa sababu nilikuwa nalijua. Nguo yangu ya Iddi alinishonea kwalo na hela hakuchukua.

Jumapili ya wiki ile nikauza redio. Nikaunga na hela nyingine niliyokuwa nayo, nikafunga kwenye pindo la kanga, nikaenda Mtoni. Bi Mwanahawa nilimkuta barazani anachambua mchele. Shikamoo, marahaba, akanisogezea kigoda kama mgeni yeyote. Nikafungua pindo, nikaweka zote mbele yake. Akazihesabu, akatoa za wiki sita, nyingine akazirudisha upande wangu.

"Hizi ni zangu," akasema. "Hizi nyingine za nini?"

"Za cherehani, Bi Mwanahawa. Na nilitaka... nilitaka uniombee kwa Tausi. Umwambie mie nalipa."

Akaendelea kutoa mawe kwenye mchele. "Leo nikiulizwa kama Somoe analipa, nitasema analipa akiwa na shida yake. Hicho ndicho ninachokijua. Nitasema vipi kingine na sijakiona?"

"Sasa nifanye nini?"

"Jumamosi tunaanza mzunguko mpya. Mwenzetu mmoja kahamia Tanga, nafasi ipo. Utapokea wa kumi. Kila Jumamosi uje mwenyewe, usitume mtu, ufike kabla ya adhana ya alasiri. Zikitimia kumi nitakuwa na la kusema."

"Lakini nyumba itauzwa!"

"Basi itauzwa," akasema, na akanipa ungo nimsaidie kupepeta.

Nilitoka pale nimefura! Njia nzima namsema peke yangu, kizee kigumu kile, kina roho ya jiwe. Mpaka nilipofika kituoni ndiyo nikaanza kuhesabu. Wiki kumi. Na mvua? Mvua bado wiki kumi na mbili! Inawezekana! Nikapiga kofi kwa furaha, mama mmoja wa machungwa akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu. Nikamwambia bado, dada, lakini nimekata tiketi.

Jumamosi ya kwanza nilipokanyaga baraza ile walinipokea kwa vicheko. "Redio hiyo! Leo taarifa ya habari inasemaje?" Nikacheka nao, ningefanyaje? Nikatoa changu, nikakaa. Jumamosi ya pili hivyo hivyo. Kutoka Kinondoni ubadilishe basi Kariakoo, kabla ya alasiri, na wewe umetoka zamu ya asubuhi kiwandani hujatia kitu tumboni, si mchezo. Wiki ya nne mshahara ulichelewa, nikamuuzia jirani doti yangu ya kanga mpya, hata maji haijaona. Wiki ya sita mabasi hayakuonekana kabisa, sijui mafuta yaliisha, nikatoka Kariakoo kwa miguu, viatu mkononi. Muadhini anakohoa kusafisha koo, mie huyo naingia. Bi Mwanahawa alinisogezea maji tu, na siku ile hakuna aliyenitania.

Na nikuambie jambo ambalo wewe hulijui bado, maana hujawahi kulifanya. Kulipa kuna raha yake! Mwanzo uchungu, ndiyo, lakini kadiri wiki zinavyokwenda nikaanza kuisubiri Jumamosi kama mtoto anavyosubiri Iddi. Unatoa chako, unakaa na watu, huna wa kumkwepa macho. Miaka ile yote ya Kinondoni nilikuwaga nikiona mtu wa Mtoni sokoni najifanya nachagua nyanya. Sasa nikawa nawaita mimi kwa mbali.

Wiki ya nane ndiyo ikaja balaa. Alhamisi akatokea bwana mmoja mfanyabiashara wa mbao, shati limenyooka, anaitaka nyumba. Akamwambia Mzee Nandonde ana kianzio mkononi, Jumapili anakileta, nyingine atamalizia baadaye. Mzee akaniita akaniambia bila kunificha. Mie zamu yangu ya kumi bado wiki mbili, na kianzio changu bila ile zamu hakitimii!

Jumamosi nikafika Mtoni nimevimba macho. Ilikuwa zamu ya Tausi kupokea. Wakaniuliza, nikawaeleza. Tausi akazikusanya zile hela zote, alizopewa sasa hivi, akaniwekea mkononi.

"Chukua zamu yangu," akasema. "Mie nitapokea ya kumi. Sina haraka."

Jamani! Nyumba ilikuwa ndani ya kiganja changu pale! Nilimwona mama na kinu chake uani, kabisa, nikamwona. Nikamtazama Bi Mwanahawa anisaidie. Alikuwa anakata bamia, hakuinua hata uso. Nikazitazama zile noti, na mie nikakumbuka kwamba hapa hapa, barazani hapa, nilishawahi kupewa zamu isiyo yangu nikaondoka nayo nacheka.

Nikamrudishia. "Asante, Tausi. Mie ni wa kumi."

Nilipofika nyumbani na kumweleza mama, weee! Alinitukana matusi ya kwao Lindi yote anayoyajua. "Umepewa ukakataa? Umerogwa?" Akaanza kufunga masufuria kwa kamba siku ile ile, nyumba nzima inasikia. Nami nikaanza kujiuliza kama kweli sijarogwa.

Jumapili asubuhi bwana wa mbao akaja na hela zake kwenye mfuko wa kaki. Wamekaa uani na Mzee Nandonde, sie na mama tuko mlangoni tunachungulia. Mara hodi! Nani anaingia? Bi Mwanahawa, baibui lake, jasho, na Tausi nyuma yake. Mwanamke yule alikuwa hapandi basi hata kwenda harusini!

Akasalimia, akakaa, akaomba maji, akanywa yote. "Nimesikia unauza nyumba, na unataka mtu wa kukutumia hela ukiwa mbali," akamwambia mzee. "Nimekuja kumsemea huyu Somoe. Sitakuficha, zamani alinikimbia na hela ya watu. Lakini wiki nane sasa analeta mwenyewe, mabasi yasipokuwepo anakuja kwa miguu. Na jana kawekewa hela mkononi, na anaihitaji mpaka macho yamevimba, kaikataa kwa sababu haikuwa zamu yake. Huyu analipa."

Mzee Nandonde akafikiri. "Na akikwama, mama, mie nimfuate nani?"

"Mie," akasema Bi Mwanahawa. "Nipo Mtoni. Sihami."

Mzee akamgeukia bwana wa mbao, kwa sauti yake ile ya chini. "Na wewe bwana, nani atakusemea?"

"Si hela hizi hapa zinasema?"

"Hizi nimeziona. Nauliza zile zilizobaki."

Bwana akaanza kutafuta maneno, mara ndugu yake yuko safarini, mara kuna rafiki yake mmoja, ukienda sokoni watakwambia. Mzee akamshukuru vizuri, akamrudishia mfuko wake. Kisha akaniita kwa mkono. "Somoe, nakusubiri wiki mbili." Mama akapiga kigelegele cha kwanza, halafu akaingia ndani mbio kufungua masufuria yake.

Nilimwangukia Bi Mwanahawa miguuni, akaniinua ananikaripia eti namchafulia baibui. Tausi nikamuuliza, wewe jana ulikuwa unanijaribu? Akaniangalia kwa dharau. "Nikujaribu wewe una nini? Nilikuwa nakuonea huruma." Mpaka leo nikikumbuka nacheka.

Jumamosi ya kumi nilipokea. Bi Mwanahawa alinihesabia mkononi, na wale wanawake wote wakasema, "Hongera, Somoe." Somoe, mwanangu! Jina langu mwenyewe, nililopewa na wazazi wangu, ilinichukua wiki kumi kulirudisha. Jumatatu Tausi akatia sahihi kwa katibu, na yule aliyekwenda chooni naye akarudi akatia ya pili. Tukaandikishana mbele ya balozi wa nyumba kumi, mzee akanipa ufunguo, mie nikampa mama. Siku ile nzima alikuwa anafunga mlango, anafungua, anafunga tena, mpaka majirani wakauliza kitasa kina nini.

Nilimtumia Mzee Nandonde kila mwezi, hata mwezi mmoja sikuruka. Nilipomaliza alinitumia gunia la korosho. Ndipo nikacheza mzunguko mwingine, nikapokea wa kumi tena, nikaenda Mtoni na cherehani kichwani. Safari hii Bi Mwanahawa alilipokea. Ndilo hilo pale dirishani, watoto wake walinipa alipofariki, na nyumba yenyewe ndiyo hii umekalia baraza yake.

Sasa sikiliza, na uache kuchezea simu. Usiende benki nyingine wiki hii, watakunyima na wao, na kila anayekunyima anaacha alama. Nenda kaombe wakusomee hizo kumbukumbu zako, ujue unadaiwa na nani na nani, usione haya, haya ulitakiwa uione ulipokuwa unakopa. Kilicho chako kilipe, kidogo kwanza kama ndicho unachokiweza. Usikope kwa huyu ukamlipe yule, hapo unahama tu kama mie na redio yangu. Wakikuandikia kitu si chako, bisha, wasahihishe. Kisha anza kulipa kwa tarehe yake, mwezi hadi mwezi, hata kama hakuna anayekupigia simu. Hiyo ndiyo watakayoitazama siku ukirudi, wataangalia ulikuwa unafanya nini wakati huna shida nao. Na huku unaweka kianzio chako. Itachukua muda, na utaona wenzako wanakupita. Wapite.

Kijumbe wa mtaa huu ni mie, unajua. Jumamosi tunaanza mzunguko mpya, na nafasi moja ipo. Uje mwenyewe, usinitumie kwa simu, kabla ya alasiri. Utapokea wa kumi. Zikitimia, na aje huyo mwenye kukuuzia nyumba aniulize.

Mungu akufungulie riziki ya halali, mjukuu wangu, mwanangu. Akupe mlango wako na kitasa chako, na uishi mtaa ambao hutajificha na mtu sokoni. Haya, inuka, nenda, leo ni Alhamisi tayari.